Mwenyekiti Aliyeipaka Tovuti Nta

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu bali ni ya juzi tu, wakati kila mtu ana simu mfukoni, palikuwa na kijiji kiitwacho Itundwe, ndani kabisa ya misitu ya miombo, huko Unyamwezini. Watu wa Itundwe ni wafuga nyuki. Naomba mnisikilize hadi mwisho na mnivumilie, maana hadithi hii kila ninapoisimulia hunipandisha hasira, na mtu mwenye hasira huruka maneno.

Mjue kwanza kwamba Itundwe kila mfuga nyuki ana alama yake. Anaichonga kwa tezo kwenye mzinga wa gogo, na alama hurithiwa. Ukipita msituni ukaona mikato mitatu na mstari chini yake, unajua mzinga huo ni wa Kalunde, na kabla yake ulikuwa wa mama yake, na kabla ya mama ulikuwa wa bibi. Mzinga usio na alama ni wa yeyote atakayeukuta siku ya kuvuna. Kwa hiyo mtu akiwahujumu wenzake, hapigwi wala hafukuzwi. Alama yake hukwanguliwa kwenye mizinga yote, basi, msitu unamaliza kazi iliyobaki.

Na alama iliyokwanguliwa hairudi kwa kuombana radhi. Hurudi kwa mti. Mkutano ukikupa mti msituni, unachonga alama yako upya chini ya mti huo, na hakuna wa kukuuliza. Lakini mti hautolewi ovyo. Hupewa aliyeuokoa mzinga wa wenzake katika moto wa msitu. Moto mmoja, mti mmoja, mtu mmoja. Mti wa alama mbili, wanasema Itundwe, ni ugomvi wa wajukuu.

Huyo Kalunde ndiye alikuwa katibu wa chama cha wafuga nyuki. Mwanamke mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Yeye ndiye aliyeitengenezea Itundwe tovuti, akaweka picha za mizinga, maelezo ya asali ya miombo na namba ya simu ya chama. Kabla ya tovuti, mfanyabiashara mmoja alikuja na lori kila msimu, akajipangia bei mwenyewe, na wazee wakashukuru. Baada ya tovuti, mtu wa mbali aliyeandika "asali ya miombo" kwenye mtambo wa kutafuta aliiona Itundwe juu kabisa, akapiga simu, akanunua. Lori likawa linaondoka tupu. Kijiji kikajenga zahanati. Mnaona tovuti ilikuwa nini kwao.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Kapela. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, ingawa leo ningependa sana kusema hivyo. Mwaka mmoja mvua zikawa haba na simu zikapungua kidogo. Mzee Kapela akafikiri kama mfuga nyuki anavyofikiri. Mzinga mpya usipopakwa nta ndani, nyuki hawaingii. Ukipakwa nta, harufu huwaita. Akajiambia tovuti nayo ni mzinga, na huu wa kwetu haujapakwa nta hata siku moja.

Huko mjini akakutana na mtu mwenye kiofisi na maneno matamu. Mtu yule akamwambia, "Mzee, mimi nitakuwekea viungo elfu nne vinavyoelekea kwenu. Watu watamiminika." Mzee Kapela akampa ndoo mbili za asali, akamwahidi ndoo moja kila msimu, akarudi nyumbani akitabasamu. Katibu hakuambiwa. Kupaka nta hakuhitaji mkutano.

Sasa kiungo ni nini? Ni kidole. Ukurasa wa mtu mwingine unakunyooshea kidole na kusema, nendeni kwa yule. Mtambo wa kutafuta huvihesabu vidole hivyo, lakini hutazama pia ni vya nani. Akikusifu daktari, unapanda. Wakikusifu matapeli elfu nne kwa siku moja, mtambo unajiuliza wewe ni tapeli wa aina gani. Hilo mtu wa mjini alilijua vizuri. Alilijua, na asali akaila.

Miezi miwili haikupita. Itundwe ikashuka kutoka juu hadi ukurasa wa pili, hadi wa tisa, hadi usiione tena. Simu ya chama ikanyamaza wiki tatu. Halafu siku moja mchana, lori likaingia kijijini, na yule mfanyabiashara akashuka anacheka.

Mkutano ukaitwa. Mzee Kapela akakaa mbele, akauliza, "Nenosiri la tovuti anashika nani?"

Kalunde akasema, "Ninashika mimi, baba."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna, baba."

"Basi mmesikia wenyewe," akasema Mzee Kapela.

Mkutano ukamtia Kalunde hatiani, na kwa kuwa desturi inamtaka mwenyekiti akwangue kwa mkono wake, Mzee Kapela akachukua tezo, akaenda msituni na wazee wawili, akaikwangua mizinga ishirini na saba, mmoja baada ya mwingine. Mikato mitatu na mstari. Kalunde alisimama chini ya kila mti akitazama vipande vya mbao vikianguka, kazi ya mkono wa bibi yake. Hakulia. Mimi ninayesimulia ndiye ninayetaka kulia, na si kwa huzuni.

Kesho yake Kalunde akaenda dukani kwa Simtowe. Huyu Simtowe alikuwa na duka la kutoa fotokopi na kompyuta moja. Alitoka Mbozi, akaishi Itundwe miaka ishirini, akaoa hapo, akazaa hapo, na bado watu walimwita mgeni wa fotokopi. Nyuki alikuwa akiwaogopa hasa. Dirisha la duka lake lilikuwa na wavu mara mbili, na watu walimcheka kwa hilo.

Kalunde akamwambia, "Kaka Simtowe, nataka kuona nani ananinyooshea kidole."

Mtambo wa kutafuta una mahali ambapo mwenye tovuti huweza kuona viungo vyote vinavyoelekea kwake. Kalunde akafungua. Vilikuwa elfu nne na mia mbili. Tovuti za kubeti. Tovuti za mikopo ya kukamua watu. Dawa za kuwaongezea wanaume nguvu. Picha za uchi. Zote zinasema kwa sauti moja, nendeni Itundwe, asali safi.

Hakuna njia ya mkato. Usipofungua ukurasa mmoja mmoja, hutajua kipi ni kibaya na kipi ni chema. Kalunde akajifunika khanga, yeye na kompyuta, kwa sababu watu waliingia kutoa fotokopi za vyeti na macho yao hayakutulia. Siku kumi na moja alikaa chini ya ile khanga katika joto lile, anafungua uchafu, anaandika jina, anafunga. Na kijiji kilimlipa nini? Kilisema, "Katibu anatazama picha chafu kwa mgeni wa fotokopi." Maneno yalipomfikia Mzee Kapela, alitikisa kichwa akasema, "Mnaona sasa."

Mnaona sasa! Yeye ndiye wa kusema mnaona sasa.

Simtowe naye hakukaa bure. Alipoichungulia orodha aligundua kwamba si kila aliyemo ni mwovu. Kulikuwa na ukurasa wa kwaya, wa chuo cha ushonaji, wa timu ya mpira, watu wasio na hatia ambao tovuti zao zilivunjwa kama nyumba na vidole vikapandikizwa humo bila wao kujua. Akatafuta anwani zao, akawaandikia barua mia tatu na arobaini. Kila barua ilianza hivi: "Salaam. Mimi ni Simtowe wa Itundwe. Kwenu kumepandwa kitu kinachowachafua nyinyi na kutuua sisi. Tafadhali kiondoeni." Wengine walimtukana. Wengine walitaka walipwe ndipo waondoe. Wengi hawakujibu, naye akawaandikia tena, na tena. Mwishowe mia moja na hamsini waliondoa.

Kwa waliobaki kulikuwa na dawa moja, nayo ni orodha ya kukana. Unauandikia mtambo: hawa siwajui, sikuwatuma, wakinisifu msihesabu. Kalunde akaiandaa orodha, ndefu kuliko sala ya mtu mwenye madhambi mengi. Siku ya kuituma, Simtowe akaipitia mstari kwa mstari, akasimama katikati.

"Dada Kalunde, hawa masista wamekukosea nini?"

Kalunde akatazama. Ilikuwa tovuti ya zahanati ya masista wanaotibu majeraha ya moto kwa asali. Kwa miaka sita walikuwa wameandika kwamba asali yao hutoka Itundwe. Ukurasa wao ulikuwa na picha za migongo na mapaja yaliyoungua, na Kalunde, siku ya tisa chini ya khanga, macho mekundu, hakusoma. Aliona ngozi tupu, akaandika jina, akafunga.

"Nimechoka, kaka," akasema.

"Najua. Lakini ungewakana hawa, usingebaki na shahidi hata mmoja mkweli."

Akawatoa masista, orodha ikatumwa. Wakangoja. Na kila Jumatatu, wakifungua, wanakuta viungo vipya hamsini, sitini, vibaya kuliko vya kwanza. Wanakana hivi, vinaota vile. Simtowe akasema, "Tunachota maji na bomba liko wazi. Kuna mtu analilipia bomba hili, naye ni wa hapa hapa. Kikulacho ki nguoni mwako." Kalunde hakuwa na wa kumtaja.

Basi ukaja msimu mdogo wa kuvuna. Watu wakapanda miti. Mizinga sita ya Kalunde, isiyo na alama, ikashushwa na wengine mchana kweupe, kwa haki kabisa ya desturi. Mmoja kati ya hiyo sita ulikuwa wa bibi yake. Kalunde alikuwa pale chini. Aliyeuteremsha hakumtazama usoni. Mzee Kapela naye alikuwa pale, na inasemekana hapo ndipo chakula kilipomshinda.

Siku ya tatu akaitisha mkutano mwenyewe, akasimama, kofia mkononi.

"Nta niliipaka mimi," akasema. Akaeleza yote, mtu wa mjini, ndoo mbili, ndoo ya kila msimu. "Nilidhani ninaita nyuki. Nimeita nzi."

Kalunde akamwuliza swali moja tu. "Baba, siku ile umeshika tezo, ulijua?"

Mzee Kapela akamjibu, "Nilihisi, mwanangu. Sikuwa na hakika."

Nilihisi! Mtu anayehisi si huuliza? Mtu anayehisi hushikaje tezo mti wa kwanza, wa pili, hadi wa ishirini na saba? Mchuma janga hula na wa kwao, ni kweli, lakini huyu alichuma akamlisha mtu mmoja peke yake. Haya, naendelea, nimewaambia hadithi hii hunipandisha.

Mzee Kapela akaenda mjini kwa mtu wake, akamwambia avunje mkataba na aondoe alivyoviweka. Yule akamcheka. "Kuweka kuna bei yake, Mzee. Kuondoa kuna bei nyingine." Mzee Kapela hakubishana. Alirudi kijijini, jioni akaushusha mzinga wake bora kuliko yote, umejaa nyuki, akauziba mdomo, akaufunga juu ya baiskeli, akausukuma hadi mjini. Asubuhi mwenye ofisi alipofika alikuta mzinga unaning'inia mlangoni pake, mdomo wazi, na mzee amekaa chini yake anavuta kiko.

Wateja wakahamia kwa jirani. Askari mgambo alikuja, akatazama, akasema hili si la kwake. Siku ya kwanza mtu wa mjini alitukana. Siku ya pili alibembeleza. Siku ya tatu, jicho moja limevimba likaziba, alikaa kwenye kompyuta akavifuta vyote alivyoweza kuvifikia, akauchana mkataba mbele ya mzee. Bomba likafungwa. Lakini kelele na jua la mjini viliwakera nyuki, wakahama. Mzee Kapela alirudi na gogo tupu.

Baada ya mwezi mmoja na nusu Itundwe ikaonekana tena kwenye mtambo, kwanza chini, halafu juu, halafu pale pale pa zamani. Simu ikalia. Lori likaja, likaondoka tupu. Na wazee wakasema, huu ulikuwa moto wa msitu, na mzinga wa wote umeokolewa. Desturi inataka mti utolewe. Upo mninga mmoja mkubwa karibu na chemchemi, mwenyewe alikufa bila mrithi. Nani aupewe?

Simtowe akasimama kwanza. Wengine walicheka, akangoja wamalize.

"Mimi siwezi hata kuukaribia mzinga, mnajua. Lakini moto huu haukuwa wa msituni, ulikuwa kwenye kompyuta, na mlipoukimbia nyinyi mimi niliuingia. Barua mia tatu na arobaini niliziandika mimi. Masista niliwaokoa mimi, na bila wao mngerudi juu kwa ushahidi wa nani? Na nilimfungulia huyu dada mlango siku ambayo nyinyi wote mlimfungia. Sikuwa na deni kwenu. Miaka ishirini ninaitwa mgeni. Watoto wangu wamezaliwa hapa, hawana alama, na bila mti hawatakuwa nayo. Moto wenu mwingine ukiwaka, mnataka mgeni aseme nini? Kwamba si wake?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha akasimama Mzee Kapela. Hapo kelele zilipanda, mtu mmoja akamwambia akae chini. Hakukaa.

"Mniite mwizi, nimekubali. Lakini nisikilizeni. Kalunde alichota, Simtowe alichota, bomba nani alilifunga? Ninyi hamkunikamata. Hakuna aliyejua, na mpaka leo asingejua. Nilisema mwenyewe. Kwa desturi yetu alama yangu, mliyoiacha hadi tovuti irudi, itakwanguliwa kesho, na mti huu peke yake ndio unaoweza kuirudisha. Mkiniacha nikwanguliwe kwa sababu nimesema kweli, mwakani mtu mwingine atakosea, atatazama mizinga yangu, atafunga mdomo wake. Na msitu wote utaungua mkimtafuta."

Mnanichukia kwa kuyasimulia maneno haya vizuri? Aliyasema vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kalunde akasimama wa mwisho. Alikuwa na kucha zilizokatika na macho ambayo hayajapona.

"Mimi siji kuomba zawadi," akasema. "Nilionyesha moto ulipo. Kurasa elfu nne na mia mbili nilizisoma mimi, na mlinitukana nikizisoma. Siku ya tisa nilikosea, Simtowe akanisahihisha, namshukuru mbele yenu. Lakini nyinyi mlikosea siku ya kwanza, na hakuna aliyekuja kunisahihisha mimi. Nilinyang'anywa jina la bibi yangu kwa kosa la mtu mwingine. Sasa mnaniambia niingie mstarini na huyo mtu mwingine, tugombee mti."

Mzee mmoja akauliza kwa nini asirudishiwe alama bila mti, kwa kuwa hana kosa. Wakamjibu kwamba kuna watu saba waliokwanguliwa miaka ya nyuma, na kila mmoja anasema hakuwa na kosa. Ukifungua mlango kwa mmoja, wote saba watakuja na tezo zao. Mwingine akasema mti ni wa kuokoa, si wa fidia, na kama ni fidia, Kalunde adai kwa Kapela. Mwingine akajibu kwamba Kapela ana gogo tupu na alama ya siku moja, adaiwe nini? Waligombana hadi sauti zikakauka, na hakuna aliyempeleka mwenzake upande wake.

Jumatatu unaanza msimu mkubwa wa kuvuna. Kalunde ana mizinga ishirini na mmoja msituni, na hadi mkutano uamue, kila mmoja ni wa atakayewahi kuufikia.

Mimi nina mtu wangu, na sauti yangu imeshanisaliti, sina haja ya kujificha. Lakini usiku nikilala nasikia maneno ya Kapela, na asubuhi naona watoto wa Simtowe. Sasa nyinyi mliokaa hapa ndio mkutano. Mninga ni mmoja, na desturi hairuhusu alama mbili. Yupo aliyeuona moto akakaa ndani yake hadi ukamuunguza. Yupo aliyeuzima bila kuwa wake. Yupo aliyeuwasha, na ndiye pekee aliyeweza kuukata mzizi. Je, mti ule anaustahili nani, na ni nani kati yenu atakayekwenda kumwambia Kalunde kama si yeye?